Murmur, The Queen Is Dead, Doolittle, Disintegration au Daydream Nation: uanze na ipi?

Kuna dogo wa mtaani kwetu, mpiga gitaa, Jumapili anapiga kanisani na siku nyingine anapiga popote anapoitwa, kaniuliza swali ambalo limenifanya nikae karibu mwezi mzima nasikiliza vitu nilivyodhani nshavimaliza. Kasema kaka, hiyo roki mbadala ya miaka ya themanini unayoisemaga kila siku, mi nina bando la wiki moja na hamu ninayo, nipe albamu moja nianze nayo, usinipe kumi maana ukinipa kumi sitasikiliza hata moja. Nikafungua mdomo nimjibu halafu nikasita, kwasababu albamu ninayoipenda kuliko zote siyo ile ambayo ningempa mtu anayeanza, na kila niliyoifikiria ilikuwa inakuja na sababu yake ya kumpa na sababu yake ya kumnyima.

Basi nikarudi kwenye tano. Murmur ya R.E.M. ya 1983, The Queen Is Dead ya The Smiths ya 1986, Daydream Nation ya Sonic Youth ya 1988, halafu mbili za 1989, Doolittle ya Pixies na Disintegration ya The Cure, ambazo zilitoka zimepishana kama wiki mbili tu, na ukizisikiliza moja baada ya nyingine huwezi kuamini ni za mwaka mmoja. Kila moja nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza kwa hedifoni usiku, ya pili kwa spika ya sebuleni, ya tatu kwa simu yenyewe ikiwa mezani kama ilivyo, maana tuseme ukweli ndo wengi wetu tunavyosikiliza muziki.

Kwa asiyeujua huu muziki nisimwache njiani. Enzi hizo roki mbadala maana yake ni bendi ambazo redio kubwa hazikuwa na habari nazo. Marekani zilibebwa na redio za wanafunzi wa vyuo vikuu, Uingereza zilibebwa na lebo ndogo za kujitegemea, Rough Trade, 4AD, Factory na wenzao. Hazifanani kwa mdundo hata kidogo. Kinachoziunganisha ni njia zilizopitia kumfikia msikilizaji.

Na hapa ndo naona watu wanakosea, wanachagua kwa umaarufu. Ukisoma orodha za majarida utaambiwa hii ni namba moja na hii namba kumi na mbili, jarida la NME la Uingereza mwaka 2013 liliiweka The Queen Is Dead namba moja kwenye albamu 500 za muda wote, sawa, lakini orodha haijui wewe sikio lako limelelewa na nini. Mi nasema angalia vitu vitatu: umekua na muziki gani, una dakika ngapi, na unasikilizia kwenye nini. Ukishajijua hapo, albamu inajichagua yenyewe.

Nianze na mbili ambazo watu huzichanganya kwasababu ya gitaa, Murmur na The Queen Is Dead. Ukisikiliza juu juu utasema ni ndugu. Peter Buck wa R.E.M. na Johnny Marr wa The Smiths wote wanapiga gitaa la kudonoa nyuzi moja moja, sauti safi inametameta, hakuna zile solo ndefu za kujionyesha za roki ya miaka ya sabini, gitaa linasuka chini ya mwimbaji kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mtu aliyezoea gitaa za dansi ataelewa haraka sana, ile hali ya gitaa kutokungoja zamu yake bali kuzungumza muda wote. Hawakujifunza kwetu, sisemi hivyo, nasema tu sikio letu halitapata shida pale.

Lakini ukifika kwenye maneno zinaachana kabisa.

R.E.M. ni vijana wanne wa Athens, mji wa chuo kikuu kule Georgia. Michael Stipe anaimba, Buck gitaa, Mike Mills besi, Bill Berry ngoma. Lebo yao I.R.S. iliwajaribu kwanza na prodyuza mmoja anayerudisha wimbo mara nyingi mno mpaka unyooke, hawakuipenda kabisa ile kazi, wakaomba waachwe wafanye na Mitch Easter na Don Dixon, watu waliowaelewa, wakaingia studio mjini Charlotte, North Carolina, mwanzoni mwa 1983. Stipe hakutaka kuimba huku anaangaliwa, sauti zake kwenye hii albamu alirekodia kwenye ngazi za nyuma ya studio, na ukishajua hilo unasikia kabisa kwamba huyu mtu anaimba akiwa peke yake gizani. Anameza maneno. Anaanza sentensi, katikati inageuka kuwa sauti tu, mwishoni inarudi kuwa neno. Wamarekani wenyewe walibaki wanabahatisha anasema nini.

Sasa sisi hiyo siyo shida hata kidogo! Sisi ndo watu tuliokua na Franco na Tabu Ley, tumecheza nyimbo za Kilingala kwenye harusi za shangazi zetu, tumeimba vibwagizo kwa sauti kubwa na macho tumefumba, na Kilingala hatukijui. Tunajua kabisa kuupenda wimbo bila kuelewa maneno, tunajua uchungu unakaa kwenye sauti kabla haujakaa kwenye neno. Ndo maana nasema mtu wa huku ambaye Kiingereza chake cha kuombea maji asiiogope Murmur, pale yeye na Mmarekani wako mstari mmoja. Sikiliza Perfect Circle, piano na sauti, halafu uniambie kama ulihitaji kamusi.

Kitu kimoja nataka usikilize kwa makini kwenye hedifoni. Kuna wimbo unaitwa We Walk, mwepesi, kama wa watoto, na chini yake kuna kitu kinanguruma kwa mbali kama radi za mvua ambayo bado haijafika mtaani kwenu. Ile siyo radi. Ni mipira ya meza ya puul, Bill Berry alikuwa anacheza, wakairekodi ikigongana, wakapunguza mwendo wa tepu mpaka ule mgongano ukawa ngurumo. Albamu nzima iko hivyo, kuna vitu vimefichwa chini na havijitangazi, unavigundua mara ya nne au ya sita. Jalada lake ni picha ya kudzu, mmea unaotambaa uliotoka Japani ukafunika miti na mabanda ya kusini mwa Marekani, na kwakweli sijawahi kuona jalada linalofanana na muziki wake namna ile. Wahakiki wa jarida la Rolling Stone waliichagua kuwa albamu bora ya 1983, mwaka ambao dunia nzima ilikuwa inapiga Thriller ya Michael Jackson. Nyimbo 12, dakika 44.

The Queen Is Dead nayo ni taarab.

Nikisema hivyo watu wananishangaa lakini nisikilizeni. Kwenye taarab unauliza maneno yanasemaje, halafu unauliza kamwimbia nani. Morrissey, mwimbaji wa The Smiths, ni hivyo hivyo, kila wimbo una mtu anayesemwa. Frankly, Mr. Shankly ni wimbo wa mfanyakazi anayemuaga bosi wake kwa maneno matamu yenye miiba, na wengi wanajua anayesemwa ni Geoff Travis, mwenye lebo ya Rough Trade, lebo ile ile iliyokuwa inatoa santuri zao. Yaani kamwimbia mpasho bosi wake na bosi kauchapisha! Na ugomvi ulikuwepo kweli, albamu ilikuwa tayari mwishoni mwa 1985 ikakwama miezi kwasababu bendi na lebo walikuwa wanavutana kisheria, ikatoka Juni 1986 ikafika namba mbili Uingereza.

Hapa Kiingereza unakihitaji, sikufichi. Ukisikiliza bila maneno utapata gitaa tamu na jamaa mwenye sauti ya kulalamika, na wengi wanaishia hapo wanasema huyu analia lia tu. Lakini ukiwa na maneno mbele yako unaona anachofanya, anaweka kichekesho na msiba kwenye mstari mmoja. There Is a Light That Never Goes Out ni mtu yuko kwenye gari ya mpenzi wake usiku, hataki kurudishwa nyumbani, anasema hata basi likitugonga hapa, kufa pembeni yako ni heri. Vinanda vya nyuzi unavyosikia pale siyo watu, Marr alivipiga kwenye kinanda cha umeme, wakaviandika kwenye jalada kwa jina la kundi la kubuni. Na ile sauti nyembamba ya kike kwenye Bigmouth Strikes Again ni Morrissey mwenyewe, sauti yake imepandishwa juu kwa mashine. Vitu kama hivyo vinanifurahisha sana, vijana wa Manchester wasio na hela ya okestra wanatengeneza okestra yao wenyewe.

Nyimbo 10, dakika 37, na ndo albamu pekee kati ya hizi tano ambayo imenifurahisha hata kwenye simu iliyolala mezani, kwasababu karibu kila kitu muhimu kipo kwenye sauti za kati, gitaa na mwimbaji. Ila utakosa kitu kimoja, besi ya Andy Rourke, na Rourke (alifariki 2023) alikuwa anaimba kwa besi yake, nenda kasikilize Cemetry Gates kwenye hedifoni, fuata besi peke yake kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kwahiyo kati ya hizi mbili: kama unapenda muziki kwa saundi, chukua Murmur. Kama wewe ni mtu wa mashairi, wa kusikiliza mafumbo na kuyafungua, chukua The Queen Is Dead na ufungue maneno yake pembeni. Mi mwenyewe ukinilazimisha nibaki na moja maisha yangu yote nabaki na Murmur, kwasababu The Queen Is Dead navutiwa nayo sana nikiwa na hali fulani ya moyo, na Murmur sijawahi kuikuta siku imenikataa.

Sasa zile mbili za 1989. Hapa tofauti ni dakika.

Doolittle ina nyimbo 15 kwenye dakika 38. Hesabu mwenyewe. Wimbo mrefu kuliko wote haufiki hata dakika nne. Kuna kisa kuhusu hili nakipenda: Gil Norton, prodyuza Mwingereza, alitaka nyimbo zirefushwe, aongeze ubeti hapa, arudie kibwagizo pale, na Black Francis, mwimbaji na mtunzi, akachoka kubishana, akampeleka kwenye duka la santuri akamwonyesha mkusanyiko wa Buddy Holly, angalia, nyimbo nyingi hapa ni dakika mbili, na zinatosha. Norton akaelewa. Alichobaki nacho ndo kikawa kazi yake kubwa, kuzifanya zile dakika mbili ziwe na sura kali, na kabla ya hapo Pixies walikuwa wamerekodi na Steve Albini albamu ya Surfer Rosa ya 1988 ambayo ni mbichi kabisa, kama bendi iko chumbani kwako. Doolittle imepikwa zaidi. Kwa anayeanza hiyo ni faida.

Unajua kwenye dansi wimbo unaanza taratibu, wanaimba kisa, halafu mbele huko unafika kwenye chemko na kila mtu anasimama? Pixies wanakupa utulivu na chemko ndani ya dakika hiyo hiyo, wanarudi kwenye utulivu, wanachemka tena. Ubeti ni besi ya Kim Deal na ngoma tu, kama mtu anakunong'oneza, kibwagizo kinakuja gitaa zote na Francis anapiga ukelele. Kurt Cobain wa Nirvana alisema wazi kwenye mahojiano ya 1994 kwamba alipotunga Smells Like Teen Spirit alikuwa anajaribu kuwaiga Pixies. Kwahiyo kama roki ya miaka ya tisini unaijua, utasikia Doolittle kama unakutana na mzazi wa rafiki yako, sura unaijua tayari.

Na kuna jambo lilinifanya nimfikirie dogo wangu wa kanisani. Hii albamu imejaa Agano la Kale. Gouge Away ni Samsoni na Delila, macho kung'olewa, nguzo za hekalu. Dead ni Daudi na Bathsheba. Black Francis ameyachukua yale mambo mazito ya damu ambayo huwa tunayasoma haraka haraka ibadani akayaimba kama yalivyo. Debaser nayo imetoka kwenye filamu ya Luis Buñuel na Salvador Dalí ya 1929, ile yenye picha ya jicho linakatwa. Kwahiyo nakwambia mapema, kuna ukelele na kuna mambo ya kutisha humu, siyo ya kuweka sebuleni wazee wakiwa wanakunywa chai. Lakini katikati unakuta Here Comes Your Man, wimbo mtamu ambao mama yangu mwenyewe alipita akauliza huo ni wimbo gani.

Disintegration ni kinyume cha hayo yote. Nyimbo 12, dakika karibu 72. Nyimbo kibao zinapita dakika sita, The Same Deep Water as You inapita tisa. Na hapa narudi tena kwenye taarab, ila siyo maneno safari hii, ni ule utangulizi. Ile taarab asilia ambapo okestra inapiga kwanza, violin, akodiani, ganuni, watu wametulia, mwimbaji amekaa tu na wewe huna haraka naye. The Cure wanafanya hivyo hivyo. Plainsong inapita dakika mbili kabla Robert Smith hajafungua mdomo. Pictures of You nayo unangoja kama dakika mbili. Mtu aliyezoea nyimbo za siku hizi zinazoanza na kibwagizo kwenye sekunde ya tano atadhani simu imekwama, lakini mtu aliyekaa na bibi yake akasikiliza taarab za santuri usiku atajua kabisa hapa anatakiwa afanye nini, atulie.

Smith alikuwa anakaribia miaka 30 wakati anaitengeneza, na umri ulikuwa unamtisha, alitaka kabla hajafika hapo awe amefanya kitu kizito. Wakarekodi kwenye jumba moja la mashambani, Hookend, huko Oxfordshire. Ndani ya bendi kulikuwa na majonzi yao, Lol Tolhurst, mmoja wa waanzilishi na rafiki wa Smith tangu utotoni, pombe zilikuwa zimemzidi, akaondolewa kabla albamu haijatoka. Na humo humo kwenye giza kuna Lovesong, dakika tatu na nusu, zawadi ya harusi kwa mkewe Mary waliyefunga ndoa 1988, wimbo mwepesi kuliko wote na ndo ulifika namba mbili kwenye chati ya Billboard kule Marekani. Mi huwa naipenda zaidi nikiisikilizia mahali pake, baada ya Closedown, kuliko ikiwa peke yake, kwasababu pale inakuja kama mtu amewasha taa ya jikoni usiku wa manane.

Usiku ambao niliirudia tulikatiwa umeme. Simu ilikuwa na chaji nusu, spika haina moto, nikafanya kama tunavyofanyaga wote, nikaiweka simu ndani ya bakuli la udongo ili sauti ijae. Kwa The Queen Is Dead ile mbinu ingefaa. Kwa Disintegration ilikuwa huzuni tupu, wimbo wa Fascination Street ulibaki mifupa, kwasababu kwenye The Cure besi ya Simon Gallup ndo inabeba wimbo wenyewe, gitaa na kinanda vinaelea juu yake, na kispika cha simu besi hiyo hakiwezi kuitoa kabisa. Nikatafuta hedifoni za waya kwenye droo, nikazichomeka, nikarudisha mwanzo. Plainsong inaanza na vikengele vidogo vidogo, kimya sana, mpaka unaongeza sauti ukidhani iko chini, halafu kila kitu kinaingia kwa pamoja kinanda, ngoma, besi, na mi nilikaa sakafuni na giza lile nikahisi kama ukuta wa chumba umesogea. Kwenye jalada wenyewe waliandika kwamba muziki huu umechanganywa upigwe kwa sauti kubwa. Waliandika kwa sababu.

Kwahiyo ushauri wangu kwa hizi mbili ni rahisi, Doolittle unaweza kuisikiliza kwenye daladala, foleni ya Ubungo inakutosha kuimaliza na kuanza tena. Disintegration usiipeleke kwenye daladala, itapotea na utaniambia haina kitu. Ipe saa moja na robo ya usiku, hedifoni nzuri, na usiiruke ruke. Mvua ikinyesha ni bora zaidi.

Imebaki Daydream Nation, na hii nitakuwa mfupi, siyo kwamba siipendi, ni kwamba siyo ya kuanzia. Sonic Youth wa New York, Thurston Moore na Lee Ranaldo gitaa, Kim Gordon besi, Steve Shelley ngoma. Gitaa zao hazijatyuniwa kama gitaa lako, kila wimbo una mpangilio wake wa nyuzi, wanasafiri na gitaa rundo, na wakati mwingine bisibisi au kijiti cha ngoma kimepachikwa chini ya nyuzi. Mpiga gitaa akijaribu kufuatisha kwa tyuni ya kawaida atazunguka mpaka asubuhi, chodi hazipatikani. Ilirekodiwa Greene Street, studio ambayo mhandisi wao Nick Sansano alikuwa anafanyia kazi za hip hop, Public Enemy wakiwemo, na labda ndo maana ngoma zake zinagonga vizuri kuliko albamu zao za nyuma. Iliuzwa kama santuri mbili, dakika 70. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Watu wanaogopa kelele zake. Mi nawaambia kasikilizeni ilimba la Wagogo kwanza, ile ala ya kudonoa kwa vidole gumba. Ule mvumo wa kuzizima unaokaa juu ya kila sauti siyo kasoro ya chombo, umewekwa makusudi, bila huo wenyewe wanaona ilimba halijakamilika. Kelele ya Sonic Youth iko hivyo hivyo, iko ndani ya wimbo kwa makusudi. Silver Rocket inaenda mbio, katikati inavunjika yote inakuwa mlio mtupu, halafu wanarudi kwenye wimbo wote kwa wakati mmoja, na ule urejeo ndo furaha yenyewe. Anza na Teen Age Riot, dakika karibu saba, Gordon ananong'ona kwanza halafu gitaa linaanza kukimbia. Ikikukaa, endelea. Isipokukaa iache miezi sita, mi mwenyewe nilihitaji zaidi ya hapo.

Najua mtu atauliza mbona nimeacha Zen Arcade ya Hüsker Dü, 1984, nyimbo 23, nyingi walizirekodi mara moja tu na kuziacha hivyo hivyo. Naipenda. Lakini saundi yake ni nyembamba na kali sana kwenye masikio, na ni albamu ambayo unahitaji mtu akuongoze, siyo ya kumpa mtu akiwa na bando la wiki.

Basi dogo nilimpa Doolittle. Sikuwaza sana mwishoni, dakika 38, besi ya kufuata, Samsoni na Delila, na kama haikumkaa angepoteza foleni moja tu. Siku ya tatu kaja na gitaa, hajaniambia habari, kakaa kwenye ngazi kanipigia ile besi ya Hey, wimbo wa humo humo kwenye Doolittle, kwenye nyuzi za chini za gitaa lake la kanisani, taratibu, na kaongeza kitu chake kidogo pale inapogeuka. Nikampa Murmur siku hiyo hiyo. Kwa mpiga gitaa, mfuatano huo ndo ningempa yeyote: Doolittle, Murmur, halafu Disintegration usiku, Daydream Nation mwisho. Kwa mtu wa mashairi ningebadilisha, The Queen Is Dead kwanza na mengine yafuate. Kwa mtu ambaye amefiwa au ameachwa, na nimeshaulizwa hivyo pia, Disintegration moja kwa moja, mengine yasubiri.

Jambo la mwisho kabla hujapakua, na hili linawakosesha watu raha bila kujua. Hizi albamu nyingi zilitolewa tena miaka ya baadaye zikiwa zimesafishwa na kuongezewa vitu, majaribio ya studio, shoo za jukwaani. Toleo la Murmur la 2008 lina shoo nzima ya Toronto ya 1983 nyuma yake, la Disintegration la 2010 lina sidii tatu. Ukibonyeza tu na kuacha, simu itakupitisha kwenye albamu na kukuingiza kwenye majaribio, utadhani albamu ilichoka mwishoni. Na ukinunua santuri ya zamani ya Disintegration ujue ina nyimbo 10 tu, Last Dance na Homesick hazikuenea, kuna jamaa aliniuzia moja akaapa imekamilika na mi sikuhesabu. Kwahiyo hesabu. The Queen Is Dead inaisha kwenye wimbo wa 10, Some Girls Are Bigger Than Others. Murmur wa 12, West of the Fields. Doolittle wa 15, Gouge Away. Daydream Nation inafunga na wimbo wenye sehemu tatu unaopita dakika 14, usiukate katikati. Na Disintegration inafunga na Untitled, inaanza na kitu kama akodiani ndogo peke yake na inaisha hivyo hivyo, ukisikia ile sauti inazimika, toa hedifoni.